Shangazi na ki-MP3 chake

Pale mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, nilikuwa najulikana kama fundi kompyuta, cheo nilichopewa na shangazi yangu siku nilipomrudishia WhatsApp yake iliyopotea, na kosa langu ni moja tu, sikukikataa.

Basi mwaka 2015 shangazi alikuwa na safari ya Mombasa, harusini, akanijia na ki-MP3 chake kidogo kama kibiriti, GB 4, akasema "Baba, nijazie taarabu zangu humu, zile za zamani za Black Star na Lucky Star, hizi za sasa za kusutana sizitaki, na zisiniishie njiani." Nyimbo nilikuwa nazo, 63, zimekaa kwenye Rhythmbox, programu ya muziki ya kompyuta, zimepangwa kama vyombo vya mwali. Nikamwambia dakika tano tu shangazi, kaa unywe chai. Akanywa chai, akala na mkate wa kumimina, akaaga akaenda kwake Makorora na mimi bado nimeinama.

Maana laptopu yangu ilikuwa haitumii Windows, ilikuwa ya Linux, toleo lake la Ubuntu 14.04. Nilihamia huko kwa kukimbia virusi, enzi zile ukichomeka flashi kwenye steshenari yoyote ya mjini inarudi mafolda yote yamegeuka shotikati, nikachoka.

Nachomeka ki-MP3, kimya. Nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikapiga lsusb, ile amri ya kuuliza "nani kachomekwa hapa", inanitajia mausi na kamera ya laptopu yenyewe basi. Saa nzima nasoma mambo ya madraiva, natoa jasho, kumbe waya wenyewe ni wa kuchajia tu, ndani una nyaya za umeme, za data hazimo! Nikaazima waya wa kaka muuza chipsi.

Sasa kikaonekana, ila kama flashi. Rhythmbox inakipita tu kama mtu anayekudai kakuona sokoni akageuza shingo, hapana, kinyume chake, kama unayemdai. Hapo ndo nikaja kuelewa, simu za Android zinajitambulisha kwa MTP, lugha yao ya kuhamishia mafaili, na kwenye Linux kuna kiprogramu libmtp cha kuzipokea, iPod nayo ina libgpod yake, lakini hivi vi-MP3 vya bei poa vinajitambulisha kama diski basi, sasa programu itajuaje kwamba hii ni ya muziki na si flashi ya mtu aliyehifadhi barua za kuombea kazi? Dawa yake ndogo mpaka inakera, unaweka humo ndani faili moja, hata tupu, jina lake .is_audio_player, unachomoa unachomeka tena, kwisha.

Najua mtasema si ungekopi tu nyimbo kwa mkono ukalala. Ndio, ningeweza. Lakini ilishakuwa ugomvi.

Nikatengeneza hilo faili, likapotea. Nikatengeneza tena, likapotea. Mara ya tatu nikaanza kukiangalia kile ki-MP3 kwa jicho lingine, na nyie mnazijua sifa za Tanga. Kumbe Linux faili likianza na nukta inalificha, mpaka ubonyeze Ctrl na H ndo unaliona. Nikayafuta yote nianze upya.

Katikati ya hayo mlango unabishwa, ustadhi wa madrasa ya jirani, ana flashi yake mpya, anataka kaswida za kupiga kwenye maulidi nyumbani kwake kesho usiku watu wakiwa wanaingia. Nikamwambia acha hapa ustadhi. Nikaichomeka palepale pembeni ya ki-MP3 ili nimalize yote kwa pamoja, si fundi mimi.

Flashi ya ustadhi GB 4. Ki-MP3 cha shangazi GB 4. Vyote viwili havina jina, kwa hiyo Ubuntu ikaviandika vyote jina moja, diski ya GB 4, na ukiingia kwenye terminali kila kimoja ni herufi na namba nane zimekatwa na kistari katikati kama namba za bodaboda. Saa saba usiku, macho yananiwasha, nikachagua moja, nikaweka faili, nikachomoa vyote nikachomeka tena, na Rhythmbox, wallahi, ikaamka! Diski ya GB 4 imetokea pembeni na alama ya kicheza muziki. Niliruka mpaka mama akagonga ukuta. Nikaburuta taarabu zote 63, zikaingia moja moja, nikachomoa ki-MP3 nikaweka kabatini kwa heshima, halafu kaswida za ustadhi nikazidondoshea kwenye ile diski iliyobaki, sikuifungua hata kuchungulia.

Kujaribu sikujaribu. Hedifoni alikuwa nazo mdogo wangu.

Kesho yake shangazi ananipigia yuko Horohoro mpakani, "Mwanangu, nimekiwasha kimeniandikia no fail. No Fail ndo nani huyo, mbona haimbi?" Nikamwambia itakuwa betri shangazi, kichaji ukifika. Nikakata.

Usiku nikaenda kwenye maulidi. Mikeka imetandikwa mpaka barazani, kahawa inazunguka, ustadhi kachomeka flashi kwenye sabufa. Sasa sabufa nyingi za bei rahisi hazijui alfabeti, zinapiga kwa jinsi mafaili yalivyotangulia kuandikwa. Ikaanza fidla, taratibu, ikaja ganuni, mzee mmoja karibu yangu akafumba macho akawa anatikisa kichwa, nadhani kaswida za siku hizi aliona zimeendelea. Mimi tumbo lilishaporomoka, ule wimbo naujua, ndo wa kwanza kwenye orodha ya shangazi. Kisha bibi mwimbaji akaingia na sauti yake, anamlalamikia mpenziwe.

Mzee akafumbua macho.

Ustadhi akakimbilia rimoti, akabonyeza wimbo unaofuata. Taarabu. Akabonyeza tena. Taarabu. Nilikuwa najua kwamba kaswida ya kwanza ni namba 64 lakini ungekuwa wewe ungemwambia? Upande wa kina mama kule ndani mtu akapiga kigelegele, akanyamazishwa. Na simu yangu nayo ikaita palepale, katika kutapatapa niizime nikaipokea, tena ikaenda kwenye spika.

"Baba, nimekichaji hicho ki... Ngoja kwanza. Hizo si nyimbo zangu hizo nazisikia huko? Kumbe umezibakisha usikilize mwenyewe!"