Siku 541 bila serikali, na chipsi za bure

Februari 2011 wanafunzi wa Ghent, kaskazini mwa Ubelgiji, walivua nguo hadharani wakabaki na chupi, na miji mingine watu waligawiwa chipsi za bure. Ilikuwa sherehe ya kejeli. Nchi yao ilifikisha siku 249 tangu uchaguzi bila kuunda serikali, ikaipiku Iraq. Wala hazikuishia hapo: uchaguzi ulikuwa Juni 13, 2010, na Elio Di Rupo aliapishwa kuwa waziri mkuu Desemba 6, 2011, siku ya 541, akiwa na mseto wa vyama sita.

Mshtakiwa wa kwanza wa mkwamo huo huwa mfumo wa shirikisho, yaani madaraka kugawanywa kati ya serikali kuu na zile za kanda na jamii za lugha, na ushahidi upo. Katiba inataka mawaziri wanaozungumza Kiholanzi na wanaozungumza Kifaransa walingane idadi, ukimwacha waziri mkuu. Vyama navyo, karibu vyote, vimegawanyika kwa lugha. Mkazi wa Antwerp, mji wa upande wa Kiholanzi, akivutiwa na Wasoshalisti wa upande wa Kifaransa, atavutiwa tu. Hawamo kwenye karatasi yake ya kura. Basi 2010 N-VA, chama cha wanaoota Flanders huru, yaani eneo la Kiholanzi lijitenge, walipata viti 27 kati ya 150, Wasoshalisti hao 26, kila upande ukiwa umewaahidi watu wake jambo ambalo mwenzake hawezi kulimeza.

Lakini Ujerumani nayo ni shirikisho, ina majimbo 16, na mwaka 2021 ilipiga kura Septemba 26, Desemba 8 ikawa na serikali. Uholanzi si shirikisho, na uchaguzi wake wa mwaka huohuo uliiweka siku 299 ikisubiri. Kura zikitawanyika kwa vyama vingi, mazungumzo hurefuka tu, shirikisho liwepo lisiwepo.

Watetezi wa shirikisho huongeza kwamba siku zile 541 hakuna kilichosimama. Ni kweli. Shule ziko chini ya jamii za lugha, barabara kuu chini ya kanda, na zote zina serikali zake. Yves Leterme, waziri mkuu aliyebaki kushikilia kiti tu, alipeleka hadi ndege za kivita za F-16 Libya. Mimi hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Paa lisipovuja, nani atamkimbilia fundi? Shirikisho halikuzaa mkwamo ule, lakini liliwapa wanasiasa nafasi ya kuuzoea, na mwananchi, ambaye mwalimu wa mwanawe yuko darasani, akabaki na mzaha wa chipsi.

Kilichowaamsha kilitoka nje. Novemba 25, 2011 Standard & Poor's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, waliishusha Ubelgiji daraja la mkopo, kutoka AA+ hadi AA. Kesho yake vyama vikakubaliana kuhusu bajeti, na siku kumi baadaye serikali ikaapa.

Februari 2025 aliyeapishwa kuwa waziri mkuu wa Ubelgiji nzima, siku 239 baada ya uchaguzi, ni Bart De Wever wa N-VA, walewale wa Flanders huru.