Hao "na wenzake" ni akina nani?

Makala ikiwa na waandishi wengi, wanaoinukuu humtaja wa kwanza tu, wengine wakawa "na wenzake". Juzi nilikuwa kwenye semina, hoteli moja pale Capri Point, Mwanza, ziwa linameremeta dirishani, chai na sambusa za kutosha. Mgeni rasmi, profesa wa watu, akatupa nasaha sisi wahadhiri wadogo: "Andikeni peke yenu. Makala ya sayansi ya jamii yenye majina sita ni uvivu uliogawanywa kwa sita." Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nilicheka, maana bahasha za nauli zilikuwa bado hazijatoka.

Nilipofika Nyegezi hasira zikawa zimepanda. Peke yako? Sayansi ya jamii? Kanda ya Ziwa hii hii?

Miaka hiyo, kabla sijapata ofisi wala deni la shahada ya tatu, nilikuwa msaidizi wa utafiti. Mtafiti mkuu alikuwa mgeni, Kiswahili chake kinaishia "asante sana". Tulikwenda Ukerewe kuwahoji kina mama wanaoanika dagaa. Swali la 14 kwenye dodoso: "Nani anaamua matumizi ya fedha za dagaa nyumbani?" Mama wa kwanza: mume wangu. Wa pili: mume wangu. Wa kumi: mume. Mtafiti anaandika huku anatikisa kichwa, ameridhika kabisa, kapata alichokifuata.

Jioni mwenzangu, binti wa hapohapo Nansio aliyekuwa akitutafsiria Kikerewe, akaniambia: "Dada, yule hajaambiwa kitu. Hela ya kopo na hela ya gunia si hela moja." Gunia linauzwa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, mchana kweupe, bei kila mtu anaijua, hivyo hela yake lazima ifike kwa mume. Kopo ni la jirani anayekuja kupimiwa dagaa wa jioni. Hiyo ni ya mama, inaingia kikoba, na mume mwenye busara haiulizi. Asubuhi tukalikata swali vipande viwili, gunia na kopo. Majibu yakageuka yote.

Makala ilitoka baada ya miaka miwili. Jina moja, la mtafiti mkuu. Kiini chake, mmeshakisia, ni tofauti ya kopo na gunia. Usiku ule baada ya semina niliitafuta tena: bado inanukuliwa, na wanaoinukuu wanamsifu mwandishi kwa jicho lake pevu. Jicho lake! Sisi tumo kwenye shukrani, mstari wa mwisho, "wasaidizi wa Mwanza", kama vile tulikuwa magunia ya vifaa. Posho tulilipwa, sikatai. Elfu kadhaa kwa siku na soda.

Kwa hiyo mtu akiniambia makala yake ni ya peke yake, huwa namuuliza: peke yako na nani?

Wala si jambo jipya ufukweni huku. Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1953 kitabu cha sheria na mila za Wasukuma. Jaladani jina moja. Sheria zilikuwa za watu, zilitoka vinywani mwa watu, na kama wangenyamaza, Cory angechapisha karatasi nyeupe.

Hata wakubwa wenyewe wamewahi kukiri. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1968 aliandika makala kuhusu jinsi sifa za kazi humwendea mwenye jina tayari. Aliiita athari ya Mathayo, kwa lile andiko la "kila mwenye kitu atapewa". Sasa sikieni. Makala hiyo ilisimama juu ya mahojiano ambayo mwanasosholojia mwenzake, Harriet Zuckerman, aliwafanyia washindi wa Nobel, na mwandishi akawa Merton peke yake! Makala ya kushutumu mtindo, imeandikwa kwa mtindo huohuo. Baadaye alikiri kwa maandishi kwamba ilipaswa kubeba majina yote mawili. (Walikuja kuoana 1993. Ya nyumbani siyaingilii.)

Profesa wetu atasema kinachohesabika ni kunukuliwa. Haya, tuhesabu. Watafiti Wuchty, Jones na Uzzi walichambua mamilioni ya makala mwaka 2007. Katika sayansi ya jamii, zilizoandikwa na zaidi ya mtu mmoja zilikuwa asilimia 17.5 mwaka 1955. Kufikia 2000 zilikuwa asilimia 51.5. Na za makundi hunukuliwa zaidi, hata ukiwatoa wanaojinukuu wenyewe. Wengi husoma takwimu hizo wakasema ushirikiano umeongezeka. Mimi nina wasiwasi kwamba sehemu ya ongezeko hilo ni watu waliokuwepo siku zote, ila sasa wanaandikwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba yapo majina ya bure. Mkuu wa idara ambaye hajaifungua hata faili naye yumo, wa tatu. Nakubali pia kwamba insha ya nadharia mtu anaweza kuiandika chumbani kwake na vitabu vyake. Na kwa mwanamke ushirikiano una mtego: mchumi Heather Sarsons alionyesha kwamba wachumi wanawake Marekani, wakiandika na wanaume, sifa haiwafikii kama inavyowafikia wenzao wa kiume. Kuhusu kamati za vyeo zinazogawa pointi kwa idadi ya majina, niseme tu kwamba zinatufundisha kufutana.

Mimi mwenyewe nimefuta. Makala yangu ya kwanza, jina ni langu tu, na chini nimewashukuru "wadodosaji". Walikuwa wanne. Mmoja jina lake la pili limenitoka, nimelitafuta kwenye daftari za posho sijaliona.

Safari hii nimetuma makala ikiwa na majina matano, la tano la kijana aliyetuzungusha mialo ya Sengerema. Wiki iliyopita mhariri wa jarida ameniandikia kwa upole: mwandishi wa tano ana shahada gani, na mchango wake hasa ni upi? Shahada hana. Kuhusu mchango nimeandika kurasa mbili na nusu, nikaanzia na maswali matatu aliyotukataza kuuliza mbele ya wenye mitumbwi. Bado hajanijibu.