Utafiti wa kisukari cha watoto si wa Wamarekani peke yao

Kuna watu wanasema ati zile dola milioni 150 na zaidi kwa mwaka ambazo Bunge la Marekani hutenga kwa utafiti wa kisukari aina ya kwanza, kile cha kudungwa insulini kila siku ambacho hushika watoto wengi, ni faida yao wenyewe, sisi huku hazituhusu. Hapo nakataa. Huo mpango ulianza 1997 na umesaidia kugharamia majaribio ya teplizumab, dawa iliyoidhinishwa kwao Novemba 2022, inachelewesha ugonjwa kama miaka miwili hivi kwa mtu ambaye vipimo vya damu vimeonyesha uko njiani, na miaka miwili bila sindano si mchezo, uliza mama yeyote. Shida ni kwamba lazima ujue mapema, na hapa Nairobi mtoto anafika kliniki amekonda, anakojoa usiku kucha, anatapika, anaandikiwa dawa ya malaria ama taifodi na kurudishwa nyumbani, sukari inakuja kupimwa akishazimia. Mpwa wangu ilikuwa hivyo hivyo, na tone moja tu la damu kwa kidole lingetosha. Sasa insulini yake inakaa kwa chungu cha udongo chenye maji kwa sababu friji hatuna na nyumba ni ya mabati, saa nane mchana hukai ndani, na stripu za kupimia sukari zikikaribia kuisha dadangu anaruka vipimo vya mchana. Utafiti wa mambo kama hayo Marekani hawatatufanyia, serikali yetu ndiyo itoe pesa. Wazazi mlio na watoto wa sindano, stripu mnanunua wapi kwa bei ya kueleweka?