Nesi Anayerudi Chuo Tusimwachie Mzigo Peke Yake

Kila dirisha la udahili wa vyuo vikuu linapofunguliwa, wauguzi wenzangu hunipigia simu. Wengi wana stashahada na miaka kumi au zaidi kazini, na swali lao ni lile lile: "Dada, nikasome digrii au niache?" Huwa nawaambia wakasome. Lakini ninajua ninamtuma mtu kwenye safari ambayo mwajiri wake, chuo na serikali wote wanaihesabu kuwa shughuli yake binafsi, ingawa matunda yake yataliwa na wagonjwa wa wilaya nzima. Hilo linaniuma, na ndilo ninalotaka kulisema leo.

Kwanza, yapo maneno vyumbani mwa wauguzi kwamba digrii ni ya kutafuta cheo tu, kwamba kuchoma sindano hakuhitaji chuo kikuu. Sisemi nesi wa cheti au wa stashahada hajui kazi. Walionifundisha kuzalisha ni hao hao, na mikono yao naiheshimu mpaka leo. Ila ushahidi upo. Mwaka 2003 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliohusu wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 232,000. Waliona kwamba hospitali zilizokuwa na wauguzi wengi wenye shahada zilipoteza wagonjwa wachache zaidi: kila ongezeko la asilimia 10 katika uwiano wa wauguzi hao liliendana na kupungua kwa asilimia 5 kwa uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa Aiken, safari hii katika nchi 9 za Ulaya, ukaonyesha punguzo la asilimia 7. New York wamefika mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 2017 inamtaka muuguzi mpya awe amepata shahada ndani ya miaka 10 tangu aliposajiliwa.

Najua Pennsylvania si Sumbawanga. Kwa hiyo niseme nilichokiona mwenyewe.

Mkunga mmoja niliyefanya naye kazi alirudi chuo, na kwa ajili ya utafiti wake wa mwaka wa mwisho akaomba mafaili ya wodi ya wazazi. Kwenye chati za akina mama waliojifungua kwa upasuaji, safu za presha na mapigo ya moyo zilikuwa zimejazwa vizuri kuanzia asubuhi mpaka jioni. Baada ya hapo ni weupe mtupu hadi alfajiri. Mwingine angeandika kwamba wauguzi wa usiku hawawajibiki, akafunga daftari. Yeye alikwenda kukaa nao zamu ya usiku. Akakuta mashine ya presha inafungiwa kabatini jioni isije ikaibwa, na ufunguo unaondoka na mkuu wa wodi. Nesi wa usiku alikuwa anaazima mashine wodi ya jirani, na kama huko nako kuna mgonjwa mahututi, basi tena. Anayeijua wodi ya wazazi anajua hatari yake: mama anaweza kuvuja damu ndani kimyakimya, mapigo yakaanza kupanda wakati presha bado inaonekana nzuri, na asiyepima haoni lolote mpaka mama amelegea. Ufunguo wa lile kabati ukaanza kukabidhiwa kila zamu pamoja na funguo za DDA, yaani kabati la dawa kali zinazodhibitiwa kisheria, na zile safu zikaanza kujaa.

Mkunga yule alikuwa amelipita kabati lile kwa miaka. Chuo kilimpa njia ya kuuliza, kuhesabu na kutokubali jibu la haraka. Hiyo ndiyo digrii ninayoitetea.

Sasa tazama tunavyompokea anayeitaka. Hata awe na stashahada na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, chuo kinataka wastani wa alama (GPA) wa 3.0 na bado kinarudi kukagua ufaulu wake wa kidato cha nne, alama alizopata akiwa binti wa miaka kumi na saba. Akipenya hapo, mara nyingi anakalishwa darasa moja na waliotoka kidato cha sita na kuanza mwaka wa kwanza: kutandika kitanda cha mgonjwa, kupima joto, kuosha mikono. Mtu aliyezalisha mamia ya watoto anasimama mbele ya mdoli kuonyesha namna ya kupokea mtoto. Kuna masomo anayahitaji kwelikweli, kama takwimu, utafiti, uongozi, na famakolojia kwa kina kuliko aliyoipata awali. Hayo afundishwe bila huruma. Lakini yale aliyoyaishi wodini apewe mtihani wa vitendo siku moja, akifaulu aruke mbele. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipoanza kufundisha wauguzi waliopo kazini hapa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilipanga masomo yake kwa kuwafikiria watu wenye zamu na mishahara. Kwa hiyo inawezekana.

Halafu kuna fedha. Masharti ya Bodi ya Mikopo yanataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira. Naelewa mantiki yake, mtoto wa mkulima asiye na chochote ni lazima aanze. Lakini mshahara wa nesi mwenye watoto wawili shuleni na mama mgonjwa kijijini hauwezi kulipa ada ya chuo kikuu. Anachofanya ni kukopa benki na kukatwa kwa miaka mingi, au kuingia kwenye vikoba viwili kwa mpigo. Halmashauri zina mipango ya mafunzo ya watumishi, ila waulize wauguzi ni wangapi wamewahi kulipiwa hata muhula mmoja. Wengi wanachopata ni barua ya ruhusa, na hata hiyo wanaifuatilia kutoka kwa matroni kwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mpaka kwa Mkurugenzi, huku tarehe ya kuripoti chuoni inakaribia. Ukiondoka bila barua hiyo wewe ni mtoro kazini.

Ruhusa inacheleweshwa kwa sababu moja ambayo ni lazima tuikubali: akiondoka, hakuna wa kushika zamu yake. Utafiti ule ule wa Ulaya ulionyesha pia kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi anapandisha hatari ya kifo kwa asilimia 7. Kwa hiyo kumpeleka mmoja chuoni na kuwaachia wawili waliobaki wodi ya wagonjwa 40 ni kuwatoza wagonjwa gharama ya masomo yake. Mwajiri anayetoa ruhusa atoe na mtu wa kuziba pengo, hata kwa mkataba. Wahitimu wa uuguzi walio mtaani wakisubiri ajira wapo, na wana leseni.

Kinachovunja moyo zaidi ni anaporudi. Aliondoka akiwa Afisa Muuguzi Msaidizi mwenye daraja lake la uzoefu; anabadilishwa kada kuwa Afisa Muuguzi na kuanzia daraja la pili, la chini kabisa, sawa na kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Mshahara wake wa zamani ukiwa mkubwa kuliko wa daraja hilo, anabaki nao kama mshahara binafsi na kusubiri ngazi mpya imfikie. Na kubadilishwa kada kwenyewe kunaweza kuchukua miaka, kisa hakikutengwa fungu kwenye bajeti. Miaka yake ya kazi ihesabiwe. Aliitumia kwa wagonjwa wale wale, katika hospitali ile ile.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: wenye digrii wanakimbilia ofisini, kwenye miradi au vyuoni kufundisha, na kitanda cha mgonjwa kinabaki vile vile. Ni kweli, nimewaona. Lakini wodini kwetu nesi bingwa hana pa kupanda. Akitaka kukua ni lazima aache kugusa mgonjwa, ashike kalamu na mihuri. Wizara ikiweka cheo cha muuguzi mbobezi anayebaki wodini, chenye mshahara unaolingana na wa mkuu wa idara, akawa ndiye anayeitwa usiku chati zinapoonyesha hatari na ndiye anayewafundisha wanafunzi kitandani, wengi wa hao tunaowalaumu wangebaki.