Kidole si kipanya

Jamani, nani aliyetudanganya kwamba programu ya kompyuta ukiibana kwenye simu inageuka kuwa programu ya simu? Hapa Lamu vijana wengi simu ndiyo kompyuta yao. Bango la Maulidi, simu. Bango la mashindano ya majahazi, simu. Sasa fungua programu ya usanifu iliyotengenezewa kipanya na kibodi uone kioja! Menyu zimejazana kila upande, picha yenyewe inachungulia kwenye upenyo. Vitufe kama punje za mchele. Unataka brashi, unagusa kifutio. Unataka kuvuta pembe ya picha, kidole kimeshaifunika pembe yenyewe! Utavutaje usichokiona?

Na Blender je, ile programu ya kuunda picha za 3D, ukiiendesha kwa simu huku yenyewe iko kwenye kompyuta ya mbali? Mtazamo wake unazungushwa kwa kitufe cha katikati cha kipanya. Kwenye simu kiko wapi? Na vitufe vya kibodi, Ctrl na Shift, nibonyeze kwa pua?

Ongeza tabaka jingine tu la picha juu ya picha, simu inachemka haishikiki, programu inajifunga, kazi ya usiku kucha imekwenda na maji. Na mteja yuko uwanjani Mkunguni anakupigia!

Angalau Krita, programu ya kuchora, ilipoingia Android mwaka 2020, watengenezaji wake walisema wazi: ni ya tabuleti, si ya simu. Wengine mbona hamsemi? Tupeni vitufe vinavyotosha kidole, menyu zinazojikunja, na kazi ijihifadhi yenyewe. Tumeomba makuu?