Wahadzabe si "watu wa zama za mawe"

Mwandishi, kwenye makala yako umewaita Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, "watu wa zama za mawe". Hapana, ndugu yangu. Mimi ni dereva, napeleka wageni Mang'ola kutoka Karatu, na mishale niliyoishika mkononi ina ncha za chuma zilizofuliwa na wahunzi wa Kidatoga. Wahadzabe wanazipata kwa kubadilishana na asali na nyama.

Shinda nao asubuhi moja uone. Kuna yule ndege mdogo anayeongoza watu kwenye asali. Mhadzabe anampigia mluzi, ndege anaitika, wanafuatana hivyo hadi kwenye mbuyu. Hapo jamaa anachonga vigingi, anavipigilia shinani kimoja baada ya kingine, anapanda na kijinga kinachofuka moshi. Sisi utotoni tuliambiwa ndege lazima aachiwe sega lake. Wao mara nyingi wanayafukia au kuyachoma masega yanayobaki, maana ndege akishiba hatafanya kazi tena! Nilicheka sana.

Na hilo uliloandika la "kuwaendeleza": serikali ilijaribu kuwahamishia vijijini miaka ya 1960, wengi wakarudi porini. Kilichowafaa Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, ni hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao waliyopata mwaka 2011, zaidi ya hekta 20,000. Huku Mang'ola mashamba ya vitunguu yanazidi kusogea, na ng'ombe wanamaliza malisho ya wanyamapori. Hilo umeliandika mstari mmoja tu, tena mwishoni kabisa, baada ya picha sita za ngozi za nyani.