Acheni Ukungu wa Julai Ukae Mahali Pake

Kuna bango jipya mjini la kutangaza vivutio vya Mwanza, na kila nikipita chini yake natamani kuwa na ngazi na ndoo ya rangi. Jiwe la Bismarck limesimama mbele, sawa, halina neno. Tatizo ni nyuma yake. Vilima vya ng'ambo ya ghuba, ambavyo mwezi Julai tunavikisia zaidi ya kuviona, vimekolezwa mpaka unaweza kuhesabu miti. Anga limegeuka zambarau. Maji yamekuwa rangi ya wino. Na jiwe lenyewe limezungukwa na utepe mweupe, ile alama ya kila aliyekamata kitufe cha kuondoa ukungu akakisukuma kulia mpaka kikagoma.

Aliyelitengeneza simfahamu, na sina haja ya kumfahamu. Ningenyamaza kama lingekuwa bango tu. Lakini hii sasa ndiyo ladha ya mji. Juzi nimempelekea mteja, mwenye nyumba ya wageni Capri Point, picha ya asubuhi iliyopigwa kutoka kibarazani kwake. Akanipigia simu.

"Kaka, kazi nzuri, ila huo moshi utoe. Wageni watadhani tunaishi jikoni."

"Bosi, ule si moshi. Ule ni umbali."

"Basi utoe huo umbali."

Nilicheka, kisha nikakasirika, kwa sababu ndicho hasa programu ya kuhariri picha inachofanya. Inatoa umbali.

Fikiria jicho linapimaje umbali juu ya maji. Barabarani una nguzo za umeme, una magari, una watu, kila kimoja kinapungua ukubwa na unajua kipo wapi. Ziwani huna kitu. Kuna maji, halafu kuna mlima, na katikati yake hakuna cha kukushika mkono. Kinachobaki ni hewa. Kadiri kitu kinavyokaa mbali ndivyo hewa inavyozidi kulala kati yako na hicho kitu, inakipausha, inakitia ubluu, mwisho inakimeza. Ukungu ndio futi kamba yetu.

Nenda Kigongo ukaone. Daraja la kwenda Busisi, ng'ambo ya ghuba, lina urefu wa kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, na sote tuliosota kwenye foleni ya kivuko tunazijua hizo kilomita 3. Simama upande wa Kigongo asubuhi ya kipupwe, jua likiwa bado changa. Nguzo za karibu zina rangi yao ya zege, unaona hadi maungio. Zinazofuata zimepauka kidogo. Zile ndefu za katikati, zenye nyaya, zimeshaingia ubluu, na upande wa Busisi umebaki mstari wa kijivu ambao mgeni hatauona mpaka aonyeshwe. Kilomita 3 zote umezibeba kwenye picha moja. Sasa sukuma kitufe. Busisi inakuja mbio! Nguzo ya mwisho inakuwa nyeusi sawasawa na ya kwanza, tofauti imebaki udogo tu, na macho hayajui tena kama ni mbali au ni fupi. Mabilioni yote yale ya walipa kodi, umeyageuza kalvati.

Sisemi picha isiguswe. Wapo watu wa "mimi sihariri, mimi nipo asilia", hao nao wanachosha. Faili la ukungu likitoka kwenye kamera huwa limefifia kuliko ulivyoona mwenyewe, kwa sababu ubongo unajirekebisha na kamera haijirekebishi. Kwa hiyo naigusa. Ila naanza na weusi, siyo na kitufe cha ukungu. Natafuta kitu cha karibu kinachostahili kuwa cheusi kweli, mfano kivuli chini ya jiwe au ubavu wa mtumbwi uliolowa, nashusha giza mpaka pale. Mara nyingi nusu ya kazi imekwisha hapo. Kisha nachora maski, yaani naigawa picha vipande nihariri kila kimoja peke yake: kwenye jiwe na maji ya mbele ukungu naupunguza, katikati naugusa kwa adabu, na kilima cha mwisho sikigusi kabisa. Rangi hujikoleza zenyewe ukungu ukipungua, kwa hiyo nazirudisha chini kidogo. Hapo watu wanaona picha safi na bado wanaona ghuba ni pana.

Najua vijana wanakojifunzia ile fujo nyingine. Ni kwenye video za wapiga picha wa Marekani wanaokwenda Grand Canyon wakati wa baridi. Video nzuri, wala siwalaumu waliozitengeneza. Wanazungumzia kwao. Kule Arizona mwezi Desemba barabara ya ukingo wa kaskazini imefungwa kwa theluji, watu wanasimama ukingo wa kusini na kutazama chini kwenye korongo lenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Jua la adhuhuri linafika nyuzi 30 hivi tu kutoka upeo wa macho, basi vivuli virefu vipo kutwa nzima. Kuta zimepangana moja nyuma ya nyingine, na kila moja ina upande wake wa giza. Ukungu ukijaa humo ndani, programu ina giza la kushikilia kila kona.

Hilo giza ndilo siri. Mwaka 2009 watafiti watatu, Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang, walionyesha mbinu ya kuondoa ukungu kwenye picha iliyokuja kuwa maarufu mno. Waligundua kwamba kwenye picha ya nje isiyo na ukungu, karibu kila kipande kidogo, ukiacha anga, kina nukta ambazo angalau rangi moja kati ya nyekundu, kijani na bluu iko chini sana, karibu na sifuri. Ukikuta kipande hakina giza hilo, weupe uliozidi ni wa ukungu, upime, uondoe. Akili kubwa. Na wenyewe walisema wazi kwamba mbinu inakwama pale kitu chenyewe kinapofanana rangi na hewa inayokizunguka na hakina kivuli.

Sasa niambie, ziwa letu saa moja na nusu asubuhi mwezi Julai lina rangi gani?

Anga jeupe, maji meupe, na mtumbwi ukipita wenye tanga, tanga nalo jeupe. Programu za leo zina mbinu zake nyingi, lakini zote zinalazimika kukisia ukungu ni upi na kitu ni kipi, na nusu ya picha ya Mwanza haina cha kukisia. Inachimba maji, inachimba anga, haikuti kitu, ndipo inapokuletea zambarau. Halafu mtu ananiambia "nimefuata maelekezo hatua kwa hatua". Umefuata, ndiyo. Ya korongo.

Hata jua letu si lao. Tuko nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, jua likichomoza saa moja kasoro linapanda wima kama lina deni, na ule mwanga laini wanaoushangilia kule kutwa nzima, huku ukipiga mswaki umeupoteza. Tena angalia umesimama wapi. Ukiwa Capri Point asubuhi ukatazama magharibi, jua lipo mgongoni na ukungu unapungua machoni. Jioni, palepale, jua lipo mbele yako na ukungu uleule unawaka wote. Anayelalamikia ukungu wa jioni abadilishe saa kabla ya kubadilisha programu.

Filta ya polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao, inasaidia ukilenga ubavuni mwa jua. Ukilenga jua lenyewe, umejipunguzia mwanga bure. Na wanaobandika anga la picha nyingine, hao tusiwataje.

Halafu kuna hawa wa WhatsApp. "Kaka, nisafishie hii." Nisafishe nini? JPEG, faili la kawaida la picha, ina ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. Picha ya ukungu haizitumii zote, imejibana kwenye kipande cha katikati. Ukizinyoosha hizo chache zijaze nafasi yote, zinaachana, na anga linatoka mistari mistari. Faili ghafi la biti 14, lile kamera inalolitoa kabla halijabanwa kuwa JPEG, lina ngazi 16,384, angalau lina cha kunyoosha. Picha iliyokwisha kubanwa na WhatsApp ndiyo kabisa, unafuta ukungu unakutana na vigae. Kama ni lazima, itume kama dokumenti, na usiniambie ni ya haraka.

Sasa, kwa shingo upande, nimpe yule mteja haki yake. Si kila kinachopauka ni umbali. Mwingine ni moshi kweli. Usiku wa Juni hadi Agosti hewa baridi inateremka kutoka vilimani na kutuama mabondeni, Mabatini, Igogo na kwingine, na moshi wa mkaa, kuni na taka zilizochomwa jioni unalala humo, umefunikwa na hewa yenye joto zaidi juu yake, hadi jua liupashe ndipo uinuke. Ukikaa juu ya mawe saa kumi na mbili na nusu unauona kwa macho, umesawazika kwa juu kana kwamba umekatwa kwa rula.

Kuutofautisha si kazi. Ukungu wa maji ni mweupe popote utakapoutazamia, na saa nne umekwenda zake. Moshi una chembe ndogo zaidi, hizo hutawanya bluu kuliko nyekundu. Utazame mbele ya kilima chenye kivuli, ni wa bluu. Utazame mbele ya jua, ni wa kahawia. Pale Igombe nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa juani kama ukungu wa asubuhi unamsumbua. "Mwanangu, huo mweupe unanichelewesha kuanika tu," akasema, hata hakuinua kichwa. "Wa kahawia ndio unanikohoza."

Hapo ndipo kitufe kinaponitia wasiwasi wa aina nyingine kabisa. Bango likiharibu Jiwe la Bismarck, tumeharibu picha. Lakini ukichukua picha ya Mabatini alfajiri ukafuta ule ukahawia, umetangaza kwamba hewa ya pale ni safi, na pale kuna watoto wanaivuta kila siku kabla hawajaenda shule. Hilo silifanyi kwa bei yoyote. Nina picha ya bonde lile niliyoiacha ilivyo, paa za bati za chini zimezama, za juu zinang'aa, na mstari wa moshi unapita katikati. Inachukiza. Ningependa itundikwe ofisini kwa mtu yeyote anayepanga mambo ya taka na nishati ya kupikia katika mji huu, na asiruhusiwe kuihariri.

Anayetaka kuona miti ya ng'ambo, miti hiyo ipo, wala haihitaji kompyuta. Asubiri vuli. Mvua ikipiga usiku mwezi Novemba ikakatika alfajiri, hewa imeoshwa, vumbi na moshi vimeshuka na maji, na kwa saa chache ng'ambo inakaa wazi hadi unaona mabati yakimetameta. Mawingu mazito juu, mwanga unapita kwa chini, jiwe limelowa na kukolea rangi. Wengi hawataki kusubiri, wanataka picha ya Julai yenye hewa ya Novemba. Bei yangu ni moja mwaka mzima, na Novemba bado nina nafasi.